Kiuno cha Bibi Harusi

Shemeji yangu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda sokoni, ni mkataji katika duka la nguo za harusi. Kazi tulijifunza meza moja. Enzi zetu kipimo cha mteja hakikufutwa. Kikibadilika, ulikipitishia mstari mmoja wa penseli, ukaandika kipya pembeni na jina lako, cha zamani kikaendelea kusomeka. Adabu hiyo nayo imekwenda na wenyewe. Sasa vipimo vimo kwenye kompyuta. Namba mpya ikiingia, ya kwanza huioni tena.

Juzi nilikwenda kumsalimia nikakuta kizaazaa. Bibi harusi yuko mbele ya kioo, zipu imegoma katikati ya mgongo, na harusi ni kesho. Shangazi yake anavuta, jasho linamtiririka.

"Bana pumzi, mwanangu!"

"Nimebana zote, Shangazi. Zimeisha."

Tajiri wa duka akawaka. "Mama Tepu, umeniharibia! Kuanzia leo utashona vifungo. Meza ya kukatia nampa mwingine. Lete huo mkasi!"

Kumnyang'anya yule mwanamke mkasi ni kumzika akiwa hai. Lakini hakupiga kelele. Alimgeukia binti aliyetengeneza programu ya duka, aliyekuwa amekaa kwenye kompyuta.

"Mwanangu, mimi nimekata nilichokisoma humo. Ila siku nilipompima hakuwa mwembamba kama namba hiyo inavyosema. Nani kakigusa kipimo?"

"Tumuulize mwenyewe, mama," binti akasema, akigonga kompyuta. "Huyu hasahau."

Akafungua ukurasa wa historia ya mabadiliko. Kila kilichoguswa kilikuwamo: kilivyokuwa, kilivyogeuzwa, nani na lini. Nilisogeza miwani. Iliniuma kukubali, lakini kazi ilikuwa safi.

"Kiuno," binti akasoma. "Kilikuwa sentimita themanini na nne, kikawa sabini na nane. Aliyebadilisha..." Akamtazama tajiri. "Ni wewe, bosi."

Tajiri akajikuna kichwa. "Aah! Shangazi alinipigia simu. Akaniapia kwamba bibi harusi atapungua."

"Na angepungua," shangazi akadakia, "kama asingekuwa anakula kwa siri!"

"Siri gani, Shangazi? Si tunakula sahani moja?"

Tuliangua kicheko sote, hata mimi nisiye na desturi hiyo. Tajiri akaomba radhi mbele yetu, akamrudishia Mama Tepu mkasi kwa mikono miwili.

Bahati nzuri, Mama Tepu huacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono. Vijana wa siku hizi hubania hadi uzi. Aligeuza gauni ndani nje, akavuta kigoda na kumpa tajiri kifumulio cha mishono.

"Kaa hapo. Taratibu, tajiri wangu. Hiyo ni hariri, si gunia la mkaa."

Tajiri akakaa, akaanza kufumua, shangazi akimshikia taa.