Injini Tuliyoipasha Moto

Kahawa mbivu haisubiri. Ukiichuma asubuhi, lazima imenywe maganda siku hiyohiyo, kabla haijaanza kuchemka ndani ya gunia. Ikilala, haifai tena kuingia kwenye matangi ya kuloweka na kuosha. Utaianika na ganda lake igeuke mbuni, ile kahawa nyeusi ya daraja la chini ambayo hakuna mkulima anayejisifu nayo. Kwa hivyo kiwanda chetu, karibu na Githongo, kilikuwa na hofu moja kubwa: injini inayozungusha mashine ya kumenya isije ikafa katikati ya msimu.

Mimi nilikuwa meneja. Nilikuwa na kidato cha nne, na siku hizo kilitosha. Ofisa wa ushirika alipoagiza kila kiwanda kijiandae kwa dharura, nililichukua jambo hilo kwa moyo wote. Tulitafuta injini ya akiba, kuukuu lakini nzima, tukaijengea kibanda cha mabati. Nikapanga nani atahamisha mkanda wa mashine, nani atashika hendeli, nani atapanga foleni ya wakulima. Kisha nikapeleka tangazo makanisani kwamba Jumamosi fulani tutafanya jaribio, watu wote waje waone.

Ilikuwa Julai, na baridi ya kwetu mwezi huo unaijua ukiwa umeilalia. Fundi wetu alizungusha hendeli, injini ikakohoa, ikatema moshi, ikanyamaza. Akarudia, ikanyamaza tena. Mzee mmoja akapaza sauti, "Meneja, hiyo inaumwa kifua! Ipeleke hospitali!" Watu wakacheka, na ofisa naye akacheka. Hatimaye iliwaka, lakini mimi nilikuwa bado nakisikia kile kicheko.

Mwaka uliofuata nilimwambia fundi tufike mapema, kabla ya wageni. Tuliweka jiko la makaa chini ya tumbo la injini, tukamimina maji ya moto kwenye rejeta, tukaiwasha na kuiacha ingurume hadi ikapata joto. Tukaizima. Jiko tukalificha nyuma ya kibanda. Wageni walipokaa, fundi alizungusha hendeli mara moja tu, ikaitika. Makofi! Ofisa akasema viwanda vingine vije vijifunze kwetu.

"Meneja, huyu sasa ni bibi harusi," fundi aliniambia tulipokuwa tukinywa chai. "Hatoki nje kabla ya kupambwa."

Nilicheka sana. Ikawa desturi yetu. Kila mwaka kuipasha moto kulichukua muda mrefu zaidi, nami sikuuliza kwa nini. Sasa najua kwamba injini ilikuwa ikichakaa ndani, na kwamba kuiwasha ikiwa baridi ndiko kungetuambia. Lile jaribio lilikuwepo kwa ajili ya kutuambia hivyo. Mimi niliziba mdomo wake kwa jiko la makaa.

Mama yangu alikaa mstari wa mbele kila mwaka, akiwaambia wanawake wenzake, "Mnamwona? Ni wangu huyo." Mimi hakuniita kwa jina. Aliniita baba, kwa kuwa nilirithi jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu Wameru.

Miti yake ya kahawa ilikuwa imepandwa na marehemu mzee wangu. Ilipozeeka tuliikata, vikabaki visiki, na mama akakaa misimu akipalilia machipukizi yasiyozaa kitu. Ikafika Novemba moja yakazaa, matawi yakainama hadi chini. Alichuma kuanzia alfajiri na wanawake wa kanisa lake, akaleta magunia yake kiwandani, akayamwaga, akaketi kuchambua mbichi na mbivu. Siku hiyo hakutaka hata chai.

Mchana injini kubwa ilipiga kishindo, ikatoa moshi mweusi, ikafa. Kiwanja kilikuwa kimejaa kahawa. Nilipaza sauti watu watulie, tuna injini ya akiba. Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa akipakia yake aipeleke kiwanda kingine cha chama chetu, ng'ambo ya mto.

"Mama, leta na yako nikubebee," alimwambia mama yangu. "Nafasi ipo."

"Nenda tu," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Kwa baba kuna mashine ya pili. Mimi nimeiona ikinguruma."

Pikapu ikaondoka. Nilimsikia na sikusema neno.

Tulizungusha hendeli kwa zamu hadi viganja vikachubuka. Kimya. Fundi akaninong'oneza, nami nikaitika kwa kichwa. Akaenda kuleta jiko na sufuria ya maji ya moto, mbele ya watu wote.

"Ala!" mwanamke mmoja akasema. "Kumbe ile siku ya wageni huwa mnaipikia?"

"Ndiyo maana haikohoi!" mwingine akadakia. "Inakunywa uji kwanza!"

Safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Niligeuka nikamwona mama. Alikuwa amesimama, mikono imejaa kahawa, akilitazama lile jiko.

Injini haikuwaka siku hiyo. Pikapu iliporudi, kiwanda cha ng'ambo kilikuwa kimefurika na hakikupokea tena. Mvua ikaanza. Kufikia asubuhi magunia yalikuwa ya moto ukiyagusa, na harufu ya kuchacha ilifika barabarani. Kahawa ya mama iliandikwa mbuni pamoja na ya wengine.

Aliianika uani kwake juu ya magunia, akiigeuza kwa mguu. Nilikwenda kumsaidia, nikamweleza yote, tangu kile kicheko cha kwanza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wacha," akasema. "Hii haihitaji mashine."

Tulitengeneza injini ya akiba. Tangu hapo niliiwasha asubuhi yoyote, bila tangazo, ikiwa baridi kama jiwe. Mara nyingine ilikohoa na waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikamwita fundi afungue aone kuna nini. Haikutuangusha tena. Nadhani hicho ndicho kitu pekee nilichofanya sawasawa katika kazi ile.

Lakini mama alihamisha kahawa yake ng'ambo ya mto. Njia ilipita mbele ya lango langu, naye alikuwa mtu mzima sana wakati huo. Nilikuwa nikimwona akija, gunia mgongoni, ukanda umemkaza kichwani. Mara ya kwanza nilitoka mbio kumpokea mzigo, akaukataa kwa mkono.

"Muga, meneja," alinisalimu, akapita.

Aliendelea kuniita hivyo. Nyuma yangu, siku ile ya kwanza, injini ya akiba ilikuwa ikinguruma, haikuwa imepashwa moto na mtu. Sijui kama aliisikia. Sikuwahi kumuuliza.