Toleo Kamili Mbele ya Wakwe

Aibu niliyoipata Ijumaa ile, nyumbani kwangu na kwa mwandiko wangu mwenyewe, sikudhani iko siku nitaweza kuisimulia, na hata sasa ninapoandika nasikia masikio yanapata moto.

Mwanangu Salma alikuwa ametajwa kuposwa na watu wa Madinat Sultan Qaboos, hapahapa Maskati, familia yenye asili ya Unguja kama sisi, na siku hiyo walikuja kwa mara ya kwanza kula chakula cha mchana na kututazama (tunasema kutembeleana, lakini kila mtu anajua ni kutazamana). Kijana hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa baba yake, Bwana Khalfan, mhandisi mstaafu, ambaye habari zake zilitufikia kabla hajafika: nyumba moja aliiacha kwa sababu kaka wa msichana alitoka kuwaamkia wageni na kaptura. Salma alimtaka kijana huyo, hilo hakunificha, na aliniomba jambo moja tu: "Baba, usiwasomeshe."

Alikuwa na haki kusema hivyo. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya Khuwair ya Kusini, chuo sikusoma, na nnachokijua nimekitafuta mwenyewe, kitabu kwa kitabu. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijisomea historia ya makampuni makubwa ya filamu ya Marekani, zile enzi zao za fahari, kiasi kwamba mke wangu Asha akiona mgeni anaelekea kuniuliza kitu juu ya filamu humkatiza kwa kumpa halua.

Lakini safari hii mlango aliufungua Salma mwenyewe. Alisikia kuwa bibi wa kijana, Bibi Zuwena, alikuwa mpenzi wa sinema alipokuwa msichana Unguja, akaniuliza kama nina kitu cha kizamani cha kumchekesha baada ya chakula. Nilikuwa nacho. Ni filamu ya vichekesho inayoyakejeli makampuni hayohayo: kuna tajiri mwenye kampuni ambaye kila mwigizaji akiomba nyongeza ya mshahara yeye huangua kilio mpaka mwigizaji anambembeleza na kuondoka mikono mitupu, kuna shujaa wa farasi anayeogopa farasi, na kuna mkaguzi wa maadili anayekaa studio na saa mkononi kupima busu, lisizidi sekunde tatu.

Sasa, katika nyumba zetu filamu ikiwekwa mbele ya wazee lazima awepo mtu wa rimoti, wa kurusha mbele pale panapofikia mambo. Wengi hufanya kwa kubahatisha. Mimi niliitazama filamu yote kwenye kompyuta na daftari pembeni, nikaandika kila busu, dakika na sekunde, nikapata saba, kisha nikarudia kuhakikisha.

Kosa langu ni dogo, mtaona. Wageni wameshakula, wanawake wamekaa upande mmoja wa sebule na wanaume upande wa pili, mapazia yameshushwa, projekta inamulika ukutani, nikaitafuta filamu na yakatokea matoleo mawili: la kawaida, na jingine limeandikwa "kamili", lenye vipande vilivyokatwa zamani. Nikafikiri, wageni wa heshima hawapewi pungufu. Nikabonyeza kamili.

Robo saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Tajiri akalia, Bibi Zuwena akacheka mpaka ushungi ukamteleza, na Bwana Khalfan, nnaapa, alitabasamu. Ikafika dakika ya kwanza ya daftari langu, nililoliandika kwa toleo la kawaida, nikarusha mbele, na nilichokiruka ni shujaa kupanda farasi kinyumenyume, kichekesho ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakisifu mezani. Bibi Zuwena akauliza farasi yuko wapi. Nikasema rimoti ina kasoro. Nikarusha tena dakika ya pili, na hapo nikatua katikati ya busu.

Tena si busu la hivihivi. Lilikuwa katika vile vipande vilivyorudishwa, sijapata kuliona maishani: mkaguzi anashika saa, mwigizaji amekula vitunguu, mkurugenzi haridhiki, na kila likimalizika anaamuru lianze upya. Nilibonyeza, picha ikaganda, midomo kwa midomo, ukuta mzima. Nikabonyeza tena, ikaendelea. Basi nikafanya jambo ambalo hata leo siwezi kulieleza, nikainuka nikaenda kusimama mbele ya ukuta nizibe kwa mwili wangu, nimesahau kwamba nimevaa kanzu ya dishidasha nyeupe iliyotoka kupigwa pasi, na kwamba picha ya projekta haizibiki, inahamia tu. Wale wawili wakabusiana kifuani kwangu, na tumboni yakapita maandishi ya tafsiri ya Kiarabu: rudia.

Kisha Bibi Zuwena akasema taratibu, "Kaa kitako, baba. Unatuziba."

Asha alizima projekta kwa kuchomoa waya. Nikadhani yamekwisha, lakini nilipoinuka daftari lilikuwa limeniponyoka, na Bwana Khalfan, mtu mwenye adabu zake, aliliokota anirudishie. Likawa wazi. Akavaa miwani.

"Dakika ya thelathini na moja," akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma mkataba. "Mdomoni. Sekunde kumi na tisa. Imehakikiwa mara tatu." Akaniangalia. "Nini hii, Bwana Suleiman?"

Nikasema ni orodha ya pahala pa kuruka.

"Pa kuruka," akasema, "au pa kurudia?"

Salma aliinuka akaingia ndani. Wageni waliaga kabla ya kahawa, na kwa watu wetu kuondoka kabla ya kahawa hakuhitaji ufafanuzi.

Siku tatu mwanangu alikuwa akinisalimu tu, salamu kavu. Siku ya nne ikaja simu, akapokea Asha, nami nikasimama ukumbini sithubutu kukaribia. Bwana Khalfan alikuwa amesema hapana, tena mara mbili. Aliyekataa kukataa alikuwa mama yake: Bibi Zuwena alimwambia kwamba katika umri wake wote hajapata kuona mwanamume akijitupa mbele ya ukuta kwa kulinda heshima ya wageni, na kwamba huyo kijana akiacha kuoa nyumba ile, yeye hatakula harusi nyingine. Wamekubali. Sharti la Bwana Khalfan ni kwamba posa tuipokee Yiti, ufukweni, mchana kweupe, na baba wa msichana asiandae chochote.

Tulikwenda, sikuandaa chochote, hata mkeka aliubeba Asha. Nilikaa nikajibu nilichoulizwa. Historia ya sinema bado naisoma, ila peke yangu, na wageni wakija siku hizi mimi ndiye wa kwanza kuwapa halua.