Upande wa Nyuma wa Barua

Enzi zetu barua haikuja nyumbani, ilikuja shuleni. Kijiji kizima, huku kwetu karibu na Mukumu, kilitumia sanduku la posta la shule ya msingi, na kila Ijumaa mwalimu mkuu alisoma majina ya wenye barua mbele ya gwaride. Ijumaa ndiyo siku tuliyobeba pia kinyesi cha ng'ombe cha kupaka sakafu ya darasa, kwa hivyo barua nyingi zilifika kwa wenyewe zikinuka zizi. Nikiwasimulia watoto wa leo wanaziba pua, utadhani wao walizaliwa juu ya vigae.

Kuka, babu yangu mzaa baba, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Nilimsomea masomo ya Jumapili na barua zikija. Malipo yangu yalikuwa hindi la kuchoma au kipande cha muwa, na tukichinjiwa ingokho, yaani kuku, shingo ilikuwa yangu. Aliketi kwenye kigoda chake, ameinamisha kichwa upande mmoja, akaniambia, "Soma pole pole, mama. Mimi niko na masikio tu."

Lakini mimi nilipenda mchezo wa kati kuliko chakula. Mpira tuliufuma kwa soksi kuukuu, wawili wakirusha, sisi wa katikati tukikwepa huku tumefunga sketi kwa fundo. Ukichelewa, unapewa kazi ya kuokota mpira kwenye majani ya upupu. Kwa hivyo nilisoma mbio. Masomo marefu ya Jumapili niliyakata katikati, nikasema amina.

Basi ikaja barua ya baba mdogo Ingosi, kitinda mimba wa Kuka. Huyu alikuwa amemuuza kwa siri fahali wa Kuka, fahali wa kupigana ambaye watu walitoka mbali kuja kumtazama, akamuuza kwa mchinjaji, kisha akatorokea Mombasa. Kuka alisema asikanyage tena boma lake. Tulikaa zaidi ya mwaka bila habari zake.

Barua ilianza kama zilivyoanza barua zote za siku zile. Natumaini u mzima wa afya, mimi huku ni mzima, wasalimie wote, hata ng'ombe. Huko nje wenzangu walikuwa wakiniita. Nilifika mwisho wa ukurasa, nikaikunja karatasi.

"Hakuna mengine?" Kuka aliuliza.

Nikamwambia hakuna. Akanipungia mkono niende.

Jioni nilimsikia akimwambia kukhu, bibi yangu, kwamba mtoto amemkosea baba yake kiasi kile, halafu anaandika salamu kama mgeni. Hakuagiza ajibiwe. Hakutaja tena jina la Ingosi.

Kuka alifariki nikiwa kidato cha pili. Baba mdogo alikuja matangani, akasimama nje ya lango na kukataa kabisa kuingia. Baba yangu alipomvuta mkono alimwambia, "Niliandikia mzee nimtake msamaha. Nikamwambia akinyamaza, nitajua amekataa. Nilikuwa nangojanga jibu mpaka nikachoka."

Usiku haujaingia nilikuwa nimefungua sanduku la bati la Kuka, nikaitoa ile barua, nikaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa umejaa maandishi mpaka pembeni. Nimekosa, baba. Nataka kurudi nyumbani. Niliirudisha nilipoitoa na sikumwambia mtu. Niliogopa, na baadaye niliona haya, na miaka ikapita hivyo hivyo. Baba mdogo alifia Mombasa akiamini baba yake alimkataa. Aliacha neno kwamba asiletwe huku, akazikwa huko huko.

Sasa presha ya macho imenipata na mimi. Nilipoanza kushindwa kuona, nilimwomba mjukuu wangu Khasandi, aliye chuo kikuu pale Kakamega mjini, anisomee. Anasoma huku kidole kikichezea simu yake. Akiruka mistari mimi husikia, maana pumzi yake hufupika na sauti hukimbilia mwisho. Siku ya kwanza niliposikia hivyo nililia, na mtoto wa watu akadhani ni habari za gazetini. Niliona tu kwamba Kuka naye alisikia. Ndiyo maana aliuliza. Alishuku nimeruka, lakini nilipokana akaniamini, akaniachia niende nikacheze.

Khasandi aliponichoka aliniwekea kwenye simu programu inayosoma kila kitu kwa sauti. Kiswahili chake ni cha mgeni aliyeshuka juzi, na jina la Shinyalu, hapa jirani tu, haijawahi kulitamka vizuri. Lakini hairuki. Inasoma matangazo, inasoma tarehe, inasoma mpaka nukta.

Zamani aliyekufinyangia chungu ulimjua, ukakutana naye sokoni ukamshukuru. Hawa walioitengeneza sauti hii siwajui hata jina, na huenda hawajui kama kuna Kakamega. Ninawaombea kila asubuhi. Wametuondolea sisi tusioona kutegemea moyo wa mtoto anayetaka kwenda kucheza. Wangalizaliwa mapema kidogo, baba mdogo Ingosi angalizikwa nyumbani.