Manjano ya Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa mtu wa kiti. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya meza yake, mgongo umepinda, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akifungua saa za watu na kuzirudishia uhai. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na hata chakula cha mchana aliletewa.

Mwaka aliotimiza hamsini, vidole vikaanza kumgomea. Viliamka vimevimba, vigumu kama vijiti, na havikulainika hadi mchana. Siku moja skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ilimponyoka kwenye kibano mara tatu. Ya nne hakuiona tena. Ilikuwa ya saa ambayo mteja aliirithi kwa marehemu baba yake. Fundi alitambaa sakafuni akiitafuta, machozi ya hasira yakimlenga.

Daktari alipima damu, akamwambia mwili una uvimbe wa ndani, wa chinichini, na kukaa kutwa kunauchochea.

"Tembea, mzee wangu. Anza kidogokidogo."

"Nimekuletea vidole, wewe unanipa kazi ya miguu?"

Alirudi nyumbani amenuna. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akamletea kopo la unga wa manjano na tangawizi. "Shemeji, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Utakuja kunishukuru."

Hiyo ndiyo dawa aliyoitaka: ya kunywa akiwa amekaa. Miezi miwili alikunywa bila kukosa. Masharubu yakageuka rangi, wateja wakamuuliza kama amehamia kazi ya kupaka nyumba. Vidole vilevile. Akapandisha hadi vijiko vinne, tumbo likamchoma wiki nzima asiweze kula.

"Manjano hayana kosa," mkewe alisema akilifunika kopo. "Umetaka yatembee badala yako."

Neno hilo lilimchoma kuliko tumbo. Kesho yake akavaa viatu kwa hasira, akatembea saa mbili mfululizo. Asubuhi iliyofuata magoti yalikuwa yamefura, hakuweza kuinuka kitandani.

"Mmeona? Mnataka kuniua!"

"Nani alikwambia saa mbili? Wewe kila kitu ni kukomoa."

Magoti yalipotulia, mkewe akaanza kumtoa mwenyewe. Dakika kumi, baadaye kumi na tano, baadaye nusu saa. Njia nzima Fundi alilalamika: jua, vumbi, viatu, watu wanaomsalimia na kumchelewesha. Manjano yalibaki kijiko kimoja, ndani ya mchuzi.

Baada ya miezi mitatu daktari alipima tena. Uvimbe ulikuwa umepungua.

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Endelea."

"Hadi lini?"

"Hakuna hadi, mzee."

Fundi alitaka kuipiga meza ngumi, akakumbuka vidole. Siku hizi vinafunguka kufikia saa tatu asubuhi. Saa za ukutani na za wanaume anazimudu. Zile ndogo za kike hazikubali, anazielekeza kwa fundi mwingine, kijana aliyemfundisha mwenyewe. Kila akimrudishia mteja saa ya namna hiyo, anaigeuza kiganjani kwanza, ndipo anaiachia. Jioni mkewe akisimama mlangoni na kusema "twende," anasonya, anatafuta kiatu cha pili chini ya meza, na wanatoka.