Mkono Wangu wa Kushoto Kizimbani

Mimi ni wa mkono wa kushoto, na kwetu mjini hilo lilikuwa jambo la kufichwa. Kula nilikula kwa kulia. Nilichapwa mpaka nikajua. Lakini kufuma kwa sindano ya kulabu sikuweza ila kwa kushoto. Nilijifunza nikiwa nimekaa mkabala na mwalimu, nikimfuata kama ninavyojitazama kwenye kioo: mkono wake wa kulia ukawa wangu wa kushoto.

Tulipochaguliwa wasichana watatu kwenda kufundisha kufuma kwenye maonyesho ya Kizimbani, nje ya mji, mama alimwomba mwalimu anipe kazi ya kupanga vitambaa tu, nisimwaibishe yeye mzazi kwa mkono huo mbele ya watu. Mwalimu akaahidi. Nilinuna njia nzima.

Kina mama wa kijiji cha Bwejuu, wasukaji wa mikeka tangu utotoni, walisimama ng'ambo ya meza yetu. Mwalimu alifuma, wao wakamfuatisha, na kila kitanzi kikawatoka kinyume. Aliwaelekeza mara nne. Mmoja wao, mtu mzima, akairudisha sindano mezani, akasema kazi hii ni ya watu wa mjini. Wenzake nao wakaanza kujitanda kanga zao waondoke. Niliona uchungu, maana nilijua kosa si lao.

Nikamnong'oneza mwalimu kwamba wanamwona kinyume, kama mimi nilivyomwona, ila wao wanafuma kwa kulia.

Mwalimu akaichukua ile sindano, akanitia mkononi, mkono wa kushoto, mbele ya watu wote.

"Mfuateni huyu," akawaambia.

Nikaanza kufuma. Yule mama akanitazama, akajaribu, na kitanzi kikakaa. Kikaja cha pili, kikaja cha kumi. Kufika adhuhuri alikuwa na ukingo mzima wa kitambaa, na hakuna aliyeuliza habari ya mkono wangu. Nilifurahi mpaka nikasahau njaa.

Jioni mwalimu alinisindikiza hadi mlangoni, akamwambia mama kwamba ahadi ameivunja yeye, nisilaumiwe mimi. Mpaka leo namshukuru kwa maneno hayo, maana angeweza kabisa kuniachia lawama zote.

Nililala nikingoja bakora. Asubuhi, baada ya chai, mama alikuja na uzi na sindano mbili, akakaa kwenye mkeka, uso kwa uso na mimi.

"Haya, nionyeshe," akasema. "Polepole, mie nshazeeka."