Mashine Mbili na Wodi Moja

Nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi ndogo mjini Eldoret, juu ya duka la mbegu, miaka ya mwisho mwisho ya chama kimoja. Mwajiri wangu, mzee aliyependa vitu vipya kuliko usingizi, alinunua kompyuta mbili. Moja ilichora nyumba. Ya pili ilikuwa na programu iliyoletwa kutoka ng'ambo kwenye disketi. Ukiipa kuta, madirisha na paa, inakuambia nyumba hiyo itakuwa na joto kiasi gani, na kama itahitaji kuni au stima ya kuipasha.

Mashine hizo hazikuweza kusemezana hata neno moja. Mkalimani nilikuwa mimi. Nilisoma urefu wa ukuta kwenye skrini ya kwanza, nikageuza kiti, nikauandika kwenye ya pili. Ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha. Mzee akisogeza mlango hatua moja, naanza upya. Nilirudi nyumbani Langas macho yakiwasha, na hata nikiyafumba naona tarakimu. Sijawahi kuchukia kazi kama nilivyoichukia ile, na sikuthubutu kusema.

Kisha ikaja wodi ya wazazi ya zahanati moja kule Yamumbi, iliyojengwa kwa harambee. Sista aliyeisimamia alikuja ofisini na ombi moja tu.

"Mzee, mimi nataka chimni na mahali pa kuwasha moto," alisema. "Mwezi wa saba huku kwetu, mtoto akizaliwa asubuhi anakuwa baridi kama jiwe. Nimeshapoteza wengine."

Mwenyekiti wa kamati, mtu wa chama, hakutaka chimni. Mgeni wa heshima alikuwa ameshapangiwa siku ya kufungua, na chimni ingewachelewesha mafundi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Mzee akasema tuiulize kompyuta.

Niliiuliza siku nne mfululizo. Ikajibu kwamba jua la asubuhi litaingia kwa madirisha makubwa ya wodi na kuipasha vizuri, moto hauhitajiki. Nikaandika hivyo kwenye barua, chimni ikafutwa. Sista aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Haya, kama mashine imesema," akasema.

Julai iliyofuata nilitumwa Yamumbi kupima mahali pa kujenga ua wa kuzunguka kiwanja. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Niliikuta wodi ina kiza na baridi ya kuuma vidole, akina mama wamejifunika blanketi mpaka kichwani. Upande wa pili wa korido, jua lote la Mungu lilikuwa limemwagika stoo, juu ya majembe na mikebe ya rangi.

Nilielewa papo hapo. Ofisini kwetu tulikuwa na desturi ya kuchora kila ramani barabara ikiwa upande wa chini wa karatasi, kwa sababu mteja hupenda kuiona nyumba yake kama mtu anayeingia getini. Mshale wa kaskazini tuliuchora kwa kalamu mwishoni kabisa. Programu ya joto haikuujua mshale huo. Kwake, upande wa juu wa karatasi ndiko kaskazini, basi. Na kule Yamumbi barabara inapita kaskazini mwa kiwanja. Nilikuwa nimeigeuza zahanati nzima, mashariki ikawa magharibi, na madirisha makubwa yalitazama mawingu na mvua za alasiri. Kuukumbuka mshale kungenichukua dakika moja. Lakini nilikuwa nimechoka, nilitaka tarakimu ziishe, na aibu hiyo ningali nayo.

Nilimweleza sista yote nikiwa nimesimama mlangoni. "Kosa ni langu," nilisema. "Mashine haina hatia."

Hakupandisha sauti. "Hii stoo," aliuliza, "ukuta yake inaweza kubeba chimni?"

"Inaweza, Sista."

"Basi toa hizo jembe, na ushike kitanda huku."

Tulihamisha vitanda kimoja kimoja, akina mama wakitufuata na watoto wao kifuani. Cha mwisho kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Nikamuuliza sista mama aliyekilalia yuko wapi.

"Amerudi kwake jana," sista alisema. "Mtoto tulizika juzi."

Akainua upande wake, nami nikainua wangu, tukakiingiza juani.