Fundi Saa Aliyetaka Kurudi Nyuma

Mume wangu ni fundi saa. Meza yake iko kwenye ujia mwembamba kati ya kinyozi na duka la viatu, na ukitaka kumsemesha akiwa kazini, heri useme na ukuta. Akishabana ile lenzi jichoni na kuinamia saa iliyofunguliwa, haoni kingine wala hasikii. Si kiburi. Springi ya saa ya mkononi ni nyembamba kuliko unywele. Ukipiga chafya imekwenda, na utaitafuta kwa magoti. Watu husifu umakini wake. Mimi umakini huo umenilia mtoto.

Tulikuwa na binti mmoja, tukimwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake. Asubuhi moja aliamka mwili unawaka. Nilikuwa na zamu ya kufua hotelini, na msimamizi alikwisha kunionya. Nikambeba mtoto hadi mezani kwa baba yake, nikamlaza kwenye benchi.

"Baba Chiriku," nilimwambia, "malizia hiyo uliyoshika, umpeleke hospitali. Usingoje."

"Nimesikia."

Niliporudi jioni, saa za watu zilikuwa zinagonga ukutani kote, na yeye bado ameinama, hajui ni saa ngapi. Mtoto nyuma yake alikuwa ameshapoa.

Msibani mama mkwe alisema mbele ya watu kwamba wako wanawake wanaothamini mashuka ya wageni kuliko damu yao. Nilimtazama mume wangu. Nilingoja aseme neno moja tu, kwamba mtoto aliachiwa yeye. Akatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo ukweni naitwa Mama Mashuka, na mawifi hawanipi mtoto wao hata nimshike aoshwe uso. Nyama alikula mwingine, mifupa nikavikwa mimi shingoni.

Miaka ikapita hivyo. Kisha redio yake ya mezani ikaleta kipindi cha mambo ya anga. Walisema ziko nyota kubwa ambazo zikifa hujifinya zenyewe zikawa shimo jeusi, zito hata mwanga ukiingia hautoki, na kwamba karibu na shimo hilo saa huenda polepole. Tena wako wataalamu waliopiga hesabu wakaona huenda zikawapo njia za kumrudisha mtu kwenye siku zilizopita. Huenda. Mfa maji akalidaka neno hilo kwa mikono miwili.

Mtu aliyekuwa hanisemeshi sasa akawa hanyamazi. Mteja akileta saa ya kengele aliyoiharibu kwa kurudisha mshale nyuma, anamgombeza: mshale husukumwa mbele, uzunguke wote mpaka ufike, wala haurudishwi. Akifika nyumbani, hajavua hata koti, ananieleza jinsi ya kuirudisha dunia nzima.

Tukasikia mama mkwe anaumwa. Nilimwambia mume wangu aende akamweleze ukweli kabla mama hajaondoka, maana nimechoka kubeba maiti ya mwenzangu.

"Njia ya kurudi ikipatikana," akasema, "nitampeleka mtoto hospitali asubuhi ile ile. Hakutakuwa na msiba, wala maneno ya Mama. Sasa niungame jambo ambalo halitakuwa limetokea?"

"Basi la kwenda kwa mama yako linakushinda, hilo shimo utafikaje?"

Akasema watoto wa watu wanasoma, watafika. Ndipo nikaelewa. Kumbe shimo lile lilikuwa uvungu wa kujificha.

Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta na mwalimu wa fizikia, amekuja kubadilisha mkanda wa saa. Mume wangu akavua lenzi, heshima ambayo hajawahi kunipa mimi, akauliza. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba ni kweli karibu na shimo saa hupungua mwendo, lakini hilo humpeleka mtu mbele: akitoka atakuta wenzake wamezeeka. Njia za kurudi nyuma ni hesabu tu, na zinataka vitu ambavyo hakuna aliyeviona.

"Na hata mtu akiitengeneza njia hiyo, fundi, kwa hesabu nyingi haimrudishi nyuma ya siku ilipotengenezwa. Mlango haupitwi kabla haujajengwa."

"Kwa hiyo waliokwisha kufa?"

"Hao tumewaacha huko, mzee wangu. Huu mkanda huna wa rangi nyeusi?"

Mume wangu hakushika kazi tena mchana ule. Kesho yake akasema twende kwa Mama.

Wifi alitufungulia. Mama alikuwa kitandani, ameegemezwa mito. Aliponiona akatabasamu.

"Karibu, mkwe wangu. Mbona umekonda? Huyu hakulishi?"

Akanishika mkono. Mume wangu akapiga magoti akasema yote: mtoto niliachiwa mimi, mke wangu aliniagiza, nikainamia saa, kosa si lake. Maneno hayo niliyangoja mpaka nywele zikabadilika. Mama alimsikiliza, akampapasa kichwa, kisha akanigeukia.

"Na Chiriku mmemwacha na nani?"

Wifi akanivuta jikoni, akaniambia Mama siku hizi yuko hivyo, anawaulizia wafu. Nikamuuliza kama amesikia aliyosema kaka yake. Amesikia. Lakini, wifi yangu, mambo ya kale hayo, yatamfufua nani? Akaniomba nisiyatoe nje, kaka yake asije akaonekana vibaya.

Nilirudi chumbani. Aliyefika kule nyuma alikuwa mama mkwe, bila shimo wala hesabu, na alifika mahali ambapo hajawahi kunikosea, kwa hiyo hana la kuniomba radhi. Aliuliza tena. Mume wangu akaniachia nijibu mimi.

"Amelala, Mama," nikasema.

"Msimwamshe," akasema. "Mtoto hukua usingizini."